Mita Sabini na Tano

Balbu ya chumbani kwangu ilikuwa na tabia ya kusinzia. Kila asubuhi nikiwasha birika la umeme, mwanga ulishuka, ukawa wa manjano, ukabaki hivyo mpaka maji yachemke. Birika likijizima, balbu ikaamka. Kwa karibu mwaka mzima nilinyoa ndevu zangu katika mwanga huo mchovu na sikujiuliza kitu, mimi niliyesomea fizikia miaka minne na kuajiriwa kuwafundisha watoto wa watu kuuliza maswali. Naanza na hilo kwa sababu bado linanikera.

Mimi ni mtu wa bara. Nilikozaliwa, asubuhi mtu hutoka nje na koti, na maji ya kuoga lazima yapitie motoni kwanza. Nilipopelekwa Faza, mji wa kisiwani, kufundisha sekondari, kwenye joto la kumtoa mtu jasho akiwa ameketi tu, tabia hiyo nilikuja nayo. Walimu wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Maji ya kwanza ya birika yalikuwa ya kuoga, ya pili ya chai. Sikutaka mjadala.

Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya mtu na mkewe. Bwana mwenye nyumba alikuwa mzaliwa wa Amu, mji mkubwa wa kisiwa cha jirani, aliyeoa Faza na kubaki huko, kama desturi yao ilivyo, mume kuhamia kwa kina mke. Maisha yake mengi aliyafanya kwenye vyombo vya kuchukua boriti na mawe, mpaka goti likamsaliti akateremka pwani moja kwa moja. Mkewe sote tulimwita Bi. Kuta za nyumba yao zilikuwa za mawe na paa lilikuwa la makuti, mazito, yaliyoezekwa upya mara kwa mara bila ya zamani kuondolewa. Mbele palikuwa na daka, kibaraza cha mlangoni, lenye kisanduku cha umeme, kisha ua, kisha chumba cha binti yao, na nyuma ya chumba hicho, changu, chenye mlango wake wa uchochoroni. Waya wa umeme wangu alikuwa ameuvuta Bwana mwenyewe kabla sijahamia, ili mwalimu apate soketi ya nguvu. Ndiyo soketi kubwa pekee iliyokuwa nyumba nzima.

Alikuwa hakati kamba. Hili nililijua mapema. Kamba ya kuanikia nguo uani ilitoka ukuta hadi ukuta, na iliyozidi, pima nyingi tu, ilikuwa imepigwa duara safi na kutundikwa msumarini. Ya kisimani vivyo hivyo. Siku moja nilimwomba kipande cha kufungia sanduku langu. Aliponipa bunda, nikatoa kisu nikakata. Alinitazama kama mtu aliyechinjiwa mbuzi wake bila ruhusa.

"Mwalimu, siku utakapotaka pima kumi na wewe una pima tisa, utaunga na nini?"

Nikamwambia kuna fundo. Akasema fundo ndipo kamba hukatikia, na kwamba chomboni alikuwa amewaona watu walioamini fundo. Hakunikasirikia, ila kisu changu hakukiangalia tena kwa uzuri.

Kuna jambo jingine lazima nilieleze, ingawa bado naliona aibu. Muhula wangu wa kwanza pale, alasiri moja nilisikia harufu kali nikaamini ni gesi. Bi alikuwa na wageni, wanawake saba au wanane wa mtaani. Nilipiga kelele, nikagonga milango, nikawatoa wote mbio, wengine buibui mkononi, mmoja miguu mitupu, mpaka barabarani mbele za wanaume waliokuwa wakitoka msikitini. Mtungi wa gesi ulipokaguliwa ulikuwa umefungwa vizuri. Harufu ilikuwa ya papa wa ng'onda aliyekuwa akikauka nyumba ya pili. Bi hakunilaumu kwa neno hata moja. Lakini wiki mbili nzima watu walikuwa wakinisalimu kwa kuniuliza kama leo pua yangu imesema nini, na nilijua kuwa yeye anaulizwa zaidi yangu. Niliapa sitawatoa tena wanawake wa nyumba ile kwa jambo ambalo sina hakika nalo.

Basi binti yao akaja kujifungua. Mumewe alikuwa na kazi Mombasa, na mzazi wa kwanza hujifungulia kwao. Alizaa mtoto wa kike, akaingia chumba kile cha katikati kukaa arubaini yake: siku arubaini za kutotoka, kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na alasiri, kulishwa, kupumzishwa. Mimi nilikuwa nikimsikia mtoto kupitia ukuta. Mama yake sikuwahi kumwona uso, na sikutarajia kumwona.

Mtoto alipokuwa na kama wiki tatu, nilirudi nyumbani Jumapili moja na mita ya shule mfukoni. Nilikuwa natayarisha somo la kidato cha tatu kuhusu umeme, na mita yenyewe ilikuwa na taya mbili za kubana waya na kusoma mkondo bila kukata kitu. Nikaona heri niijaribu nyumbani. Balbu iliposinzia, kwa mara ya kwanza nikaitazama kwa jicho la kazi.

Nilimwomba Bwana ruhusa nikapima kisandukuni pale dakani: volti mia mbili na arubaini. Nikazunguka kupitia uchochoro hadi chumbani kwangu, birika likiwa linanguruma, nikapima kwenye soketi: mia mbili na nane. Volti thelathini na mbili zilikuwa zimetoka dakani na hazikufika kwangu. Nikabana waya wa birika kwa zile taya. Ampea nane kamili.

Hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani wa waya: thelathini na mbili kwa nane, omu nne. Zidisha volti kwa ampea, upate wati: thelathini na mbili mara nane, wati mia mbili hamsini na sita. Hizo ndizo zilizokuwa zikipotea njiani kila nikichemsha maji, na umeme haupotei hivi hivi, hugeuka joto. Birika lenyewe lilikuwa likipata wati elfu moja mia sita sitini na nne. Jumla yake ilikubaliana na ya kisandukuni, mia mbili arubaini mara nane, bila kubaki hata wati moja. Nakumbuka nilifurahi. Niliandika yote kwenye daftari langu la maandalio nikapiga mstari chini, nikasema huu ni mfano mzuri, wanafunzi wataupenda.

Kilichonisumbua kilikuja asubuhi yake, Jumatatu, nikiwa maabara wakati wa chai. Omu nne kwa waya wa nyumba ni nyingi mno. Umbali kutoka dakani hadi chumbani kwangu nilikuwa nimeupima kwa hatua, na ukifuata kuta ni mita ishirini na tano hivi. Shuleni tulikuwa na waya wa aina ile ile, rangi ile ile, kutoka duka lile lile. Nikakata mita kumi, nikapitisha ampea mbili, mita ikasoma volti sifuri nukta nane. Gawanya: omu sifuri nukta nne kwa kila mita kumi. Kwa hiyo mita ishirini na tano zingekuwa omu moja. Omu nne ni mita mia moja.

Roli la waya dukani ni mita mia moja.

Niliinakili hesabu yote kwenye ukurasa mpya wa daftari, siku juu, mstari chini, nikaketi pale na chai yangu ikapoa. Ingeweza kuwa kiungo kibovu mahali fulani, na kiungo kibovu nacho hupandisha ukinzani. Lakini kiungo kibovu hakitoi mita mia moja kamili. Hesabu ilikuwa ikinieleza kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mita sabini na tano za waya ambazo sijaziona, na kwamba kila asubuhi mimi nilikuwa nikizipitishia ampea nane ili nisioge maji baridi.

Alasiri nilimkuta Bwana dakani akishona wavu wa jirani. Nilimsalimu, nikaketi, nikauliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida.

"Bwana, ule waya wa chumbani kwangu ulikuwa wa mita ngapi?"

"Roli zima."

"Na uliobaki?"

"Haukubaki. Upo." Alivuta uzi, akaukaza. "Nimeupiga duara vizuri, nikaufunga, nikauweka mahala pakavu."

"Wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea chumba cha bintiye. "Hapo yuu, baina ya boriti na makuti. Siku ukihama chumba hiki, au tukijenga jiko nyuma, waya upo. Hatutaunga."

Alisema kwa fahari ya mtu aliyefikiria mbele. Ndani, mtoto alikuwa akilia kile kilio chao cha wiki za mwanzo, kikavu, cha kukatakata, na mama yake akimtuliza kwa sauti ya chini. Mimi nikatikisa kichwa kama aliyeridhika. 

Waya uliolala peke yake ukutani ukipata joto huliachia hewani, na hakuna anayejua. Waya uliokazwa duara, mzunguko juu ya mzunguko, kisha ukafunikwa makuti makavu, joto lake halina pa kwenda. Kila mzunguko unampasha mwenzake. Robo tatu ya zile wati mia mbili hamsini na sita, yaani wati mia moja tisini na mbili, zilikuwa zikimiminwa katika bunda moja la ukubwa wa sinia, juu ya kitanda cha mzazi. Na swichi ya usalama ya kisandukuni isingetusaidia, kwa kuwa ilikuwa ya ampea ishirini na haikuwa na la kulalamika kwa ampea nane. Swichi huhesabu mkondo tu, haina habari ya duara wala makuti.

Msomaji atauliza kwa nini sikumwambia pale pale. Nami nimejiuliza mara nyingi kuliko yeye. Jibu langu la siku ile lilikuwa hivi. Kuushusha waya ni lazima mtu apande juu ya chumba cha mzazi, na mzazi hajamaliza arubaini. Kumwambia baba mtu kuwa mimi, mwanamume mgeni, nimekaa nikihesabu kilichopo juu ya kitanda cha bintiye, ulimi haukuweza. Tena angeukata? Yule aliyenitazama vile kwa ajili ya kamba ya sanduku? Na juu ya yote, papa wa ng'onda. Nilikuwa nimeshaitoa nyumba hiyo mbio mara moja na nikakosea.

Kwa hiyo nikapata ufumbuzi wa kimya, na niseme ukweli, nilijivunia. Nitaacha birika. Bila birika, chumba changu ni balbu na simu, ampea sifuri nukta moja, na joto la bunda lile linashuka mpaka si kitu. Zimebaki siku kumi na nane za arubaini. Mzazi akitoka, chumba kikiwa wazi, nitamwita Bwana faraghani na kumweleza taratibu, tutaushusha, hakuna atakayeaibika. Nikalikausha birika, nikaliweka juu ya kabati, nikaanza kuoga maji baridi nikiuma meno.

Bi alikuwa na ufunguo wa pili wa chumba changu, akinifagilia. Siku ya tatu alinisimamisha uani.

"Mwalimu, birika lako limekufa?"

"Hapana, Bi. Nimeamua tu kulipumzisha. Umeme nauacha kidogo."

Aliniangalia, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Mola akulipe, mwalimu. Umefikiri jambo kubwa."

Nikaitikia amina. Nilidhani anasifu kubana matumizi. Watu wazima hupenda vijana wanaobana matumizi.

Alichokuwa amekielewa yeye nilikuja kukijua baadaye. Maji ya kumkanda mzazi yalikuwa yakichemshwa kwa kuni uani, ndoo kwa ndoo, na moshi ulikuwa ukiingia chumbani kwa mtoto. Mkwe wao alikuwa ameleta kutoka Mombasa koili ya umeme ya kutumbukiza ndooni, imekaa kwenye karatasi yake, kwa sababu soketi ya kuistahimili ilikuwa moja tu, yangu. Bi asingeniomba. Mpangaji haombwi kitu alicholipia. Watu wale fadhila hawaitaji kwa jina. Anayetaka kukutendea hukuachia nafasi, nawe ukiiona unaipokea kimya bila kumtia haya. Akaona mwalimu wa bara, aliyejulikana mtaa mzima kwa maji yake ya moto, ameacha maji yake ya moto mzazi akiwa ndani. Angeelewa nini kingine? Kesho yake, nilipokwenda shule, alifungua chumba changu, akaweka ndoo karibu na ukuta na kuchomeka koili. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka adhuhuri. Kisha akapangusa sakafu na kuondoa kila kitu kabla sijarudi, ili nisione kuwa wema wangu umeonekana.

Birika langu lilikuwa likiwaka dakika kumi kwa siku. Koili ilikuwa ikiwaka saa nne, tano.

Dalili zilikuwapo. Alhamisi nilikuta sakafu ina unyevu karibu na soketi, nikafikiri amedeki. Ijumaa Bi alipita akijipepea, akasema mzazi analalamika chumba kina joto, hasa mtana, joto linatoka juu. Nikamwambia, "Kaskazi hiyo, Bi." Nilisema hivyo. Nilikuwa na daftari lenye hesabu yote ndani ya mkoba begani, na nikamsingizia upepo.

Jumapili kulikuwa na harufu. Ilikuwa hafifu, ya ndara mpya za plastiki zilizosahauliwa juani. Nilisimama katikati ya chumba changu nikiinua pua kama mbwa, kichwa kikiniambia hiyo ni ngozi ya waya, na sauti nyingine, ya wale waliokuwa wakinisalimu barabarani, ikiniuliza kama leo pua yangu imesema nini. Nilijibu kwa hesabu. Sijawasha birika siku sita. Ampea hazipo, na bila ampea hakuna joto. Nikazidisha sifuri kwa omu tatu za lile bunda nikapata sifuri, nikafungua dirisha. Naiogopa sifuri ile mpaka leo.

Jumanne kipindi cha pili nilikuwa na kidato cha tatu. Niliandika ubaoni mfano wangu mzuri: mia mbili arubaini, mia mbili na nane, ampea nane. Niliwaambia watafute ukinzani wa waya, kisha wati zinazopotea. Msichana mmoja wa safu ya dirishani alimaliza kabla ya wenzake, kama kawaida yake, na akawa anaangalia nje. Nikamuuliza jibu. Akasema mia mbili hamsini na sita. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kutoa jibu, "Mwalimu, kuna moshi kwa upande wenu."

Nilijua kabla sijafika dirishani. Nilikimbia na chaki mkononi.

Makuti hayaungui polepole. Nilipofika kona ya mtaa, paa lote la katikati lilikuwa limeshika, na wanaume walikuwa wameshaacha kumwagia maji nyumba yetu, wanapigana na mapaa ya majirani, wakiyang'oa kwa miti ili moto ukose njia. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele sana. Kulikuwa na sauti ya moto tu, na ya watu kuitana majina. Bwana alikuwa pwani moto ulipoanza. Alikuja akiburuta goti lake, na watu wawili wakamshika asiingie.

Bi ndiye aliyeingia. Nilielezwa yote na wanawake waliokuwapo. Mzazi alikuwa amelala, mtoto ubavuni. Bunda liliwaka kwanza upande wa ndani wa paa, na lilipoanguka liliangukia kitandani na makuti yanayowaka pamoja nalo. Yule binti hakukimbia. Alijikunja juu ya mwanawe, magoti na viwiko kitandani, mgongo juu, na akakaa hivyo mpaka mama yake alipofika na kumvuta kwa miguu akiwa bado amejikunja. Mtoto alitoka bila alama. Mama yake alipelekwa kwa boti ya mashine hadi Amu, akilala kifudifudi, wanawake wakimzuilia jua kwa shuka. Mimi nilisimama gatini. Ndiyo siku niliyomwona uso kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa wazi.

Alikaa hospitali miezi mingi, Amu na kisha Mombasa. Yu hai. Mgongo umepona kwa namna yake, lakini ngozi ya mabega na mikono imevutana, haipandi. Hawezi kumwinua mwanawe. Mtoto sasa anatembea, na akitaka kubebwa huenda kwa mtu mwingine.

Jioni ya siku ya moto, Bwana alinijia nikiwa nimekaa barabarani juu ya jiwe. Alikuwa na majivu kwenye nyusi. Akaniinamia.

"Tuwie radhi, mwalimu. Vitabu vyako vyote vimekwenda. Na nguo."

Nililia. Akadhani nalilia vitabu, akaketi kando yangu, akaniwekea mkono begani. Sikumwambia kitu. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na kwa hii sina hata kisingizio cha chumba cha mzazi.

Fundi wa umeme alikuja akasema ni waya, akaandika karatasi, akaondoka. Hilo halikumtosha Bwana. Baada ya mfungo, familia ikiwa imehamia nyumba ya ndugu na mimi chumba cha shule, alinifuata maabara alasiri moja. Alisema anataka kujua. Waya ulikuwa mzima, alisema, haukuwa na kiungo hata kimoja, aliukagua kwa vidole vyake roli zima kabla hajaupandisha. Vipi kitu kizima kiwake?

Nikampa stuli, nikatoa mita kumi zile zile za waya. Shuleni somo hili nalifundisha kwa Kiingereza. Kwake nililazimika kulitafutia maneno upya. Nilisema volti ni nguvu inayosukuma, ampea ni wingi unaopita, na waya wenyewe una uzito wake wa kupitisha, ambao huongezeka kadiri ndia, njia kwa lugha yao, inavyokuwa ndefu. Alielewa upesi kuliko darasa langu. Alikuwa amepima upepo na tanga na mzigo maisha yake yote. Nilipofika kwenye kugawanya, aligawanya mwenyewe. Nilipofika kwenye joto la duara, akasema, "Kwa hivyo ungalitandazwa, usingaliwaka." Nikasema pengine usingewaka. Akasema, "Ni ule mpigo wangu wa duara." Nikasema ni ampea, ni koili, ni makuti, ni mambo mengi. 

Aliomba aione hesabu ya nyumba yake. Nilikuwa nimeihifadhi kichwani, ningeweza kuiandika upya ubaoni. Sijui kwa nini nilifungua mkoba na kutoa daftari. Labda nilikuwa nimechoka kuibeba. Nikampa ukurasa. Alifuata tarakimu kwa kidole, mstari kwa mstari, mia mbili arubaini, mia mbili na nane, ampea nane, omu nne, mita mia, mita sabini na tano, mpaka kwenye ule mstari niliopiga chini. Halafu kidole kikapanda juu ya ukurasa, palipoandikwa siku.

"Hesabu hii uliifanya lini, mwalimu?"

"Jumatatu," nilisema. "Siku ile niliyokuuliza juu ya waya."

Alihesabu kwa vidole, kidole gumba kikigusa kimoja kimoja. Alipomaliza alibaki akiangalia mkono wake.

"Siku nane."

"Niliona haya," nilisema. "Ni chumba cha mzazi. Arubaini ilikuwa haijesha. Sikujua nitakwambiaje tuingie humo, tuupandie waya. Nikafikiri nikiacha birika, tutangoja atoke."

Nilisema mengi mengine, ya papa, ya kucheka kwa watu, na hata ya kamba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alifunga daftari, akaliweka juu ya meza mbele yangu, akalinyoosha likae sawa na ukingo.

"Ungenambia tu," alisema. "Ningemuhamisha kwa shangazi yake kabla ya adhuhuri. Ni mlango wa pili."